Jaketi la ngozi la miaka ya 50: anza na lebo, kisha zipu

Ukishika jaketi la pikipiki la Marekani linalodaiwa ni la miaka ya 1950, geuza bitana kwanza, utafute lebo. Herufi WPL zenye namba ni usajili wa kampuni uliotolewa kati ya 1941 na 1959. Herufi RN, usajili wa aina hiyo hiyo, zenye namba kuanzia 13670 ni za baada ya hapo. Ila namba hiyo ni umri wa usajili, si wa jaketi, na kampuni iliweza kuitumia miaka mingi.

Kisha zipu. Zipu ya chuma ya Talon, chapa ya Marekani, ni dalili nzuri, lakini zipu hubadilishwa. Mulika ukingo wake kwa tochi ya pembeni: matundu ya sindano kwenye ngozi hayazibi, kwa hiyo safu ya vitundu vitupu inamuumbua fundi aliyepita.

Ngozi ya farasi ikikauka, usiiloweshe mafuta! Uzi wa pamba huoza, mishono ikaachia. Paka losheni ya ngozi kiduchu kwa kitambaa, acha hadi kesho, ndipo ukunje kiwiko taratibu. Nyufa zikishafika ndani, hakuna dawa. Jaketi hilo usilinunue, mwachie muuzaji. Henga iwe nene, ya mbao. Ya waya huharibu mabega.