Siku moja nyuma ya mstari wa shabaha

Saa 11 alfajiri. Naishi Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, na adhana ndiyo saa yangu ya kuamkia. Kabla jua halijatoka nishapita kwa muuza chai wa kona, maandazi mawili na mbaazi, kisha baiskeli mpaka tunapokutania gari. Begi langu mke wangu hulicheka: daftari, kalamu tatu, filimbi, vizibo vya masikio na bendera nyekundu iliyokunjwa kama kanga ya zawadi. Watu wakisikia nafanya kazi kwenye uwanja wa shabaha hudhani nashinda nikipiga risasi. Mwaka huu sijafyatua hata moja. Nahesabu risasi, na nawatazama wanaozipiga.

Saa 1 na nusu. Uwanja wenyewe uko nje ya mji, jirani na mashamba ya mkonge. Banda la mabati, meza ndefu, mstari wa chokaa ardhini, na mbele tuta la udongo refu kuliko nyumba, ndilo linalomeza risasi. Napandisha bendera ili wachunga mbuzi wajue leo hapapitiki. Wao wanajua. Mbuzi ndio wabishi.

"Shikamoo, mwalimu."

Kimya.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mbona wanong'ona, bwana mdogo?"

Mwalimu ni mwanajeshi mstaafu. Enzi zake walijiziba kwa pamba, au kwa ujasiri tu, na mlio wa bunduki unapita desibeli 140, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa mlio huo pamba ni mapambo. Ndiyo maana vizibo nagawa kwa mkono wangu, na asiyevaa simhesabii risasi.

Saa 3. Walinzi 14, risasi 10 kila mmoja. Hawa wana nidhamu: wanapiga, wanakagua silaha, wanarudi kukaa. Macho yangu yakanasa kwa kijana mmoja mwembamba. Kitako cha bunduki kiko bega la kulia, lakini shingo kaipinda juu yake kama kuku anayechungulia mtungi, na karatasi yake haina tundu hata moja. Nikamwomba anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize kitundu kidogo, aitazame nguzo ya bendera humo kwa macho yote mawili, halafu afumbe moja moja. Alipofumba la kushoto, nguzo ikapotea. Jicho lake kuu, lile ambalo ubongo hulitegemea kulenga, ni la kushoto, na siku zote bunduki ameiweka upande wa jicho msaidizi! Mwalimu akamhamishia bunduki bega la pili. Akalalamika kwamba ni kama kuambiwa ale wali kwa mkono wa kushoto. Risasi zake 4 zilizobaki zote ziliingia kwenye karatasi.

Saa 4 na nusu. Napuliza filimbi, kila mtu aache kupiga. Si mbuzi leo, ni nyuki. Wana mzinga kwenye mti wa pembeni na kelele zimewachosha. Tukakimbilia kwenye gari, vioo juu, na mwalimu akapata nafasi ya hadithi yake. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakapambana na kikosi cha Mjerumani von Lettow-Vorbeck kisichozidi sana watu 1,000. Katikati ya mapigano risasi zikachokoza nyuki, wakauma pande zote mbili. Waingereza walishindwa, na baadaye kuna waliosema nyuki wale walitegwa makusudi. "Nyuki wa Tanga hana upande," anasema mwalimu, kwa sauti inayoweza kuamsha mzinga mwingine.

Saa 7. Swala, wali na changu wa kukaanga, usingizi wa dakika kumi chini ya mwembe.

Saa 8. Sasa wanaingia watu 5 wenye bastola za kumiliki kwa kibali. Risasi 30 kila mmoja, jumla 150, naandika. Hapa ndipo penye sinema. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi akasimama ubavu, mkono mmoja mfukoni, akitaka kuwa yule mlenga shabaha Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Yule anapiga bastola ya upepo, mita 10, haina teke la kurudi nyuma. Yako ina baruti. Toa mkono mfukoni, baba."

Akautoa, na bado risasi zake zikawa zinachimba chini kushoto. Kila tundu, sababu mpya: bastola mbovu, upepo wa baharini, jua. Mwalimu akaichukua magazini yake, kile kikasha cha risasi cha bastola, akaijaza bila yeye kuona, na kati ya risasi za kweli akachomeka moja bandia isiyo na baruti. Ya kwanza, paa! Ya pili, paa! Ya tatu, kacha. Hakuna mlio, hakuna teke, lakini mtutu ukainama kama kichwa cha mtu aliyesinzia kwenye mawaidha. Anaupokea mshindo kabla haujaja. Hakusema tena habari za upepo, na kwa mara ya kwanza akauliza swali la maana: "Sasa nifanyeje?"

Pembeni yake alikuwepo mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu afike hakuongea zaidi ya salamu. Karatasi yake ilikuwa ya kawaida, matundu yametawanyika kama surua. Lakini mtazame mikono: kidole hakigusi traiga, kile kifyatulio, mpaka amelenga, na mtu akimwita, kichwa kinageuka, mtutu haugeuki. Kwenye risasi ya 20 hivi nilimwona akishtuka shingo, akafumba macho kidogo. Akaiweka bastola mezani taratibu, mdomo wake ukiangalia tuta, akapumua, akaishika tena akaendelea. Nikadhani jasho limemwingia machoni.

Saa 10. Maganda ya risasi zilizopigwa: 149.

Kwetu hesabu isipotimia hakuna anayeondoka. Ganda la bastola hizi lina urefu wa milimita 19, rangi ya mchanga, na likizama kwenye mchanga halionekani. Tukapanga mstari tukitambaa kama watoto wanaotafuta shilingi, kijana wa miwani akiwa wa kwanza kupiga magoti, suruali nyeupe na yote. Nusu saa. Mwalimu akaanza kunitazama mimi na daftari langu. Nikahesabu tena: 149.

Mama akachoka na joto, akaomba radhi, akageuka upande wa ukuta afungue mtandio aukung'ute. Kitu kikadondoka kwenye saruji: ting.

Ganda lilikuwa limeruka likaingia kwenye mikunjo ya mtandio, la moto vile vile, likamlalia shingoni. Alama nyekundu ilionekana.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa na bastola mkononi, mwanangu. Ningeanza kurukaruka, ungekuwa wapi saa hizi?"

Kijana wa miwani akavua miwani. Mimi nikaandika 150, nikapiga mstari. Mama akaliokota lile ganda, akaligeuzageuza.

"Naomba hili nibaki nalo. Nikawaoneshe wajukuu."

"Haiwezekani, mama. Lishaandikwa."

Akanitazama muda mrefu, akaliweka kwenye kopo pamoja na wenzake, akaenda kunawa mikono kwa sabuni.