Kusomesha watoto nyumbani, na ile shule ya chata ya dadangu

Huu ni mwaka wetu wa pili kusomesha watoto nyumbani hapa Umoja na swali naulizwa kila siku ni moja, nani anakusaidia? Ukweli ni mimi na baba yao tu. Dadangu yuko California, yeye pia anasomesha watoto wake nyumbani lakini amewaandikisha kwa shule ya chata, yaani shule ya umma, serikali inalipa ila inajiendesha yenyewe, California walipitisha sheria yake 1992, na hiyo shule imempa mwalimu mwenye leseni wanakutana mara kwa mara anaangalia kazi ya watoto, halafu kuna pesa ya vitabu na vifaa. Pesa yenyewe hashiki mkononi, shule inalipa muuzaji, na vitabu vya dini haigusi.

Mimi vitabu natafuta vya mitumba tao, nakagua kurasa zisiwe zimeshaandikwa majibu.

Jana kijana wangu wa miaka 8 alikata chapati vipande vinane, akala viwili, akaniangalia, mama hii nimekula ni robo! Nilifurahi mpaka machozi. Lakini siku kama hiyo ndio natamani sana mwalimu mwingine afungue daftari la huyu kijana aniambie kama tuko sawa.