Bei ya Korosho na Uwezo wa Kusubiri

Tangu Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, mjadala wetu Watanzania kuhusu ubepari umekwenda kwa mtindo mmoja: upande mmoja hutetea dola, yaani serikali, mwingine hutetea soko, na kila upande una ushahidi wa kutosha wa madhara yaliyoletwa na mwenzake. Naamini lipo swali lililotangulia mjadala huo, ambalo taaluma ya uchumi ingepaswa kulishika kabla ya mengine yote: katika biashara husika, ni nani anayeweza kusubiri, na ni nani asiyeweza?

Zao la korosho linalionyesha swali hili waziwazi kuliko zao jingine ninalolijua. Mkulima wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, huhitaji fedha miezi mingi kabla ya kuwa na kitu cha kuuza. Palizi hulipiwa, na katikati ya mwaka mikorosho hupulizwa salfa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ilhali korosho zenyewe huanza kuokotwa Septemba au Oktoba. Katika pengo hilo ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba, ambaye hutoa fedha taslimu leo na kudai korosho za msimu ujao kwa bei aliyoipanga yeye na kwa kipimo chake mwenyewe. Mchumi anaweza kuandika kwamba watu wawili wamekubaliana kwa hiari na kila mmoja amepata alichokihitaji. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha jambo la msingi: mmoja wao angeweza kuondoka bila makubaliano na asipungukiwe na kitu, na mwingine asingeweza.

Dola nayo haikuliondoa tatizo hilo ilipokuwa mnunuzi pekee. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, kisha uzalishaji ukaporomoka kwa zaidi ya muongo mzima, kwa kuwa bei ya mkulima ilikuwa duni, ugonjwa ulienea, na kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kuliwaweka watu wengi mbali na mikorosho yao. Mkulima asiye na mnunuzi wa pili aliijibu bei mbaya kwa njia moja tu iliyobaki, yaani kuliacha shamba liote msitu.

Ndiyo maana nauheshimu mfumo wa stakabadhi ghalani, pamoja na kasoro zake zote. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ziliingizwa humo msimu wa 2007/08, kuanzia Mtwara. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa na kuwekwa ghalani, kisha unauzwa mnadani pamoja na mizigo ya wenzake. Soko halikufutwa; kilichobadilika ni kwamba mwenye magunia matano amepata ghala, mizani na mnada, vitu ambavyo zamani alikuwa navyo mfanyabiashara peke yake. Hata hivyo, ghala bila malipo ya haraka humrudisha mtu kwa kangomba, na malipo yanapocheleweshwa au kukatwa bila maelezo, hasira huwa kubwa. Huko Liwale, mkoani Lindi, Aprili 2013, ugomvi wa malipo ya korosho uliishia kwa nyumba kuchomwa moto. Mwaka 2018 wakulima waliikataa bei ya minada iliyokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi liisombe. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo waliongoja fedha zao kwa miezi kadhaa, na kwa mtu mwenye ada ya shule ya Januari, bei nzuri inayolipwa kwa kuchelewa ni bei nyingine kabisa. Mwaka 2024 minada ilipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei za mwanzo zilivuka shilingi 4,000, jambo linalonipa matumaini, ingawa msimu mmoja hautoshi kuthibitisha lolote.

Nchi yenyewe imo katika hali ileile ya mkulima. Sehemu kubwa ya korosho zetu bado husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na baadhi ya viwanda vya kubangulia vilivyojengwa zamani viligeuzwa kuwa maghala. Mwenye kiwanda hulazimika kununua, ndani ya miezi michache ya msimu, malighafi ya mwaka mzima, na akikopa kwa riba kubwa, faida humalizika kabla hajabangua nusu ya mzigo. Kwa hiyo, ninapoulizwa kama ubepari utadumu katika nchi kama yetu, jicho langu liko zaidi kwenye masharti ya mikopo ya kilimo na ya viwanda vidogo kuliko kwenye hotuba za kuusifu au kuulaani. Mkopo wa salfa unaopatikana Mei kwa riba ambayo mkulima anaweza kuibeba, na malipo yanayomfikia siku chache baada ya mnada, vingemwondolea mnunuzi wa kangomba sababu ya kuwepo bila askari hata mmoja kutumwa kumkamata.