Nilivyoondoa deb kuukuu bila kupoteza ghala langu

Nina steshenari Ngamiani, Tanga, yenye kompyuta nne, zote zinatumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows. Juzi ile kubwa iligoma kuprinti, diski imejaa pomoni, huku vijana wa vyuo wamepanga foleni na fomu zao.

Nikampigia fundi. Hakuuliza hata swali: “Kaka, piga apt-get clean, kazi imekwisha.” (apt-get ndiyo amri ya Ubuntu ya kupakua na kusakinisha programu.) Ushauri huohuo aliwahi kunipa, nikaufuata, na mpaka leo unaniuma. Clean haichagui. Inafagia faili zote za deb, yaani vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, zilizomo /var/cache/apt/archives, kuukuu kwa mpya, na kwangu mle ndimo ghalani. Napakua kwa mashine moja tu, nanakili deb kwa fleshi, nazimwaga kwenye folda hiyohiyo ya zile tatu, na apt-get ikizikuta pale haizipakui tena. Bando moja, mashine nne! (Tumieni apt-get, maana apt tupu hufuta deb ikishamaliza kusakinisha.) Siku ile nilifagia kabla sijanakili, likanitoka bando jingine la elfu ishirini na ushee.

Safari hii nikapiga apt-get autoclean, inayofuta yale matoleo tu ambayo hayapakuliki tena. Zikaondoka GB 7 hivi. linux-firmware (kifurushi cha programu ndogo za kuendeshea vifaa vya kompyuta) peke yake ilikuwa imejirundika matoleo sita, na kila moja ni mzigo.

Mashine ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Nilishamwaga deb mpya kutoka kwenye fleshi, nikapiga autoclean papo hapo. Kuchungulia folda, mpya hazipo, kuukuu zimetulia! Chai ilipoa mezani nikitafuta sababu. Kumbe autoclean haitazami tarehe ya faili. Inatazama orodha ya matoleo yanayopakulika, iliyomo ndani ya mashine yenyewe, na orodha ya hiyo ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Toleo ambalo orodha hailijui, kwake ni takataka.

Fleshi, nashukuru Mungu, nilikuwa sijaifuta. Nikaanza upya: apt-get update ya kusasisha orodha, kisha deb, kisha apt-get -s autoclean. Hiyo -s naipenda mno, inakutajia kila faili itakayofutwa bila kugusa chochote. Nikasoma mstari kwa mstari, nikaona zote ni kuukuu, ndipo nikapiga tena bila -s.

Kufikia adhuhuri zote nne zilikuwa nyepesi, deb ninazozihitaji zimo zote, na printa inatoa fomu za watu.