Siku yangu kitaluni: lindera, tope na mbegu zisizotakiwa kukauka

Saa 12:30 asubuhi

Mwisho wa Septemba hapa Lancaster, Pennsylvania, saa hizi bado kuna kigiza. Chai ya rangi, buti za mpira, natoka. Ninafanya kazi kwenye kitalu cha miti na vichaka vya asili, vile vilivyokuwa vikiota huku vyenyewe kabla ya watu kuleta maua ya mapambo kutoka Ulaya na Asia. Msimu huu kichaka kinachotukimbiza ni Lindera benzoin. Wenyeji wanakiita spicebush, sisi tumezoea kusema lindera tu.

Saa 1:00

Kumwagilia. Miche imepangwa chini ya neti ya kivuli, kwenye vyungu vya plastiki. Kwao ni msituni, kando ya vijito, chini ya miti mikubwa, kwa hiyo chungu kikikauka majani yanaanza kuungua pembeni. Ninapopita kati ya mistari suruali inagusa majani na harufu inapanda. Mimi ni mtu wa Muheza, nimekulia karibu na mdalasini wa Amani. Nikikwaruza kijiti cha lindera kwa ukucha, naona kabisa huyu ni ndugu. Na kweli ni ndugu: lindera, mdalasini na mparachichi wote ni ukoo wa Lauraceae. Mama mmoja wa Uvira tunayefanya naye kazi alinusa jani, akalirudia, akasema: "Baba, hii iko na harufu ya ndimu, lakini haiko ndimu."

Saa 2:30

Kukagua majani. Natafuta jani lililokunjwa kwa urefu na kushonwa kwa nyuzi za hariri. Leo nimelifunua moja taratibu. Ndani kuna kiwavi mnene wa kijani, na mbele amechorwa macho mawili makubwa ya njano yenye mboni nyeusi. Si macho, ni madoa tu. Kichwa chenyewe ni kidogo, amekiinamisha kwa chini. Ndege akichungulia anadhani kakutana na nyoka. Akiwa mdogo zaidi anafanana na kinyesi cha ndege, na akikaribia kuwa bundo, hatua ya mwisho kabla ya kipepeo, anageuka rangi ya machungwa. Huyu ndiye Papilio troilus, kipepeo mweusi mwenye vumbi la buluu kwenye mabawa ya nyuma. Viwavi wake hutegemea lindera na ndugu zake wachache.

Kuna wateja wanaolalamika kwamba majani yametobolewa na wanataka dawa. Sisi hatupulizi. Ukitaka kichaka kisicho na tundu hata moja, nunua cha plastiki.

Saa 4:00

Tumeenda kwa mteja. Nyuma ya nyumba yake pana bonde dogo ambako maji ya gata yote yanaishia. Alipanda lavenda hapo, ikaoza. Alipotupigia simu alikuwa ameshapata bei ya kuchimba mtaro na kulaza mabomba ili eneo likauke. Kwa maoni yangu hiyo ni fedha ya kumwaga. Maji yameshachagua mahali pao, tafuta mmea unaoyapenda.

Ila unyevunyevu na dimbwi si kitu kimoja. Jana yake tulimwambia achimbe shimo la kina cha sentimita 30, alijaze maji na kuliacha. Asubuhi tumelikuta tupu. Vizuri. Nimechukua udongo, nimeuminya: mfinyanzi wa kahawia, unashikana, hauna harufu ya yai bovu. Ungekuwa wa kijivu na unanuka, maana yake mizizi haipati hewa, na hapo tungepanda juu ya tuta au tungetafuta mmea mwingine.

Mashimo tumeyapanua mara mbili ya upana wa mizizi, lakini kina hatukuongeza. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi au juu kidogo. Umbali kati ya mche na mche mita 2, maana lindera hufika mita 2 hadi 4 kwenda juu na hutanuka karibu hivyo hivyo. Juu tumetandaza majani makavu, tukiyaachanisha na shina. Mteja alitaka kichaka kimoja kikubwa, kionekane haraka. Nilimkatalia kwa adabu. Mizizi ya lindera haipendi kuhamishwa ikishakomaa, mche mdogo hushika upesi zaidi. Halafu kuna dume na jike, jike ndilo linalozaa matunda likiwa na dume karibu, na mche mchanga haukuambii ni upi mpaka utoe maua. Ukipanda mmoja unacheza bahati nasibu. Tumepanda mitano.

Kulungu wamejaa mtaa ule. Majani ya lindera kwa kawaida hawayataki, harufu inawafukuza, lakini madume husugua pembe kwenye mashina. Tumezungushia wavu.

Saa 7:00 mchana

Wali na maharage. Mzee mmoja kazini alichemsha vijiti vya lindera, kama watu wa Kusini walivyofanya chai ilipoadimika wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Ni kinywaji kizuri. Aliyezoea majani ya chai ya Usambara atakishukuru na kuomba chai.

Saa 8:00

Kuchuma. Matunda ni mekundu yanayong'aa, madogo kuliko punje ya harage, na ndege wahamao wanayagombea kwa sababu yana mafuta mengi ya kuwavusha safari. Tunachukua kidogo, mengi tunawaachia.

Kazi yenyewe ni kusafisha. Unaloweka matunda kwenye ndoo, unayasugua juu ya chujio la waya, nyama inatoka, mbegu moja moja inabaki. Mikono inakuwa na mafuta yenye ukali wa pilipili, usijikune jicho. Mbegu hizi hazianikwi kama za mchicha, zikikauka zimekufa. Tunazichanganya mara moja na mchanga wenye unyevu, ndani ya mfuko, kisha kwenye friji, nyuzi joto kama 4 za Selsiasi, miezi mitatu au zaidi. Zisipoonja baridi hazioti. Nyingine tunazisia nje kabisa na kuzifunika kwa waya, panya wasizifukue.

Saa 11:00 jioni

Naandika lebo: mahali, tarehe, mti mama. Simu inaita, ni mteja wa asubuhi anauliza aweke mbolea gani. Nimemjibu asiweke yoyote, amwagilie mvua zikikatika mpaka ardhi igande. Na maua ataona lini? Si mwakani. Yakitoka yatakuwa ya njano, madogo, mwishoni mwa Machi au Aprili, kabla ya majani. Hapo ndipo atajua kama ana jike.