Kijana Aliyeichoka Shule Bado Ana Njia za Kusoma

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, katika familia nyingi za hapa Morogoro husikika kauli moja inayotamkwa kwa sauti ya hukumu: "Basi, huyu apelekwe VETA." Husemwa mbele ya kijana mwenyewe, tena mara nyingi na watu ambao hawajawahi kukanyaga karakana, kana kwamba chuo cha ufundi ni mahali pa kumhifadhi mtu aliyeshindikana. Kwa maoni yangu kauli hiyo humdhuru kijana kuliko daraja sifuri lenyewe, kwa kuwa anaingia chuoni akiwa ameshaambiwa kwamba yanayofundishwa huko ni ya walioshindwa. Akiacha tena, tunashangaa nini?

Ninaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu, ambaye hakuwa mjinga wala mkorofi. Tangu kidato cha pili alikuwa akitoka nyumbani asubuhi amevaa sare, kisha anashinda kwenye gereji iliyo njiani, akimshikia fundi taa na kumwoshea vipuri. Dada yangu alikuja kuligundua jambo hilo kwa harufu ya dizeli kwenye kola ya shati. Shule aliyokuwa akisoma ilimwadhibu kwa utoro mara kwa mara, lakini sikusikia hata mara moja kwamba kuna mtu aliyemuuliza alikokuwa anakwenda. Mtoro anayelala nyumbani ni tofauti na mtoro anayekwenda kufanya kazi asiyolipwa, na tofauti hiyo ndiyo ingepaswa kutuongoza mapema. Alimaliza kidato cha nne akiwa na D ya Kiswahili na D ya Uraia.

Kikao cha familia kilitaka asomee umeme wa majumbani, kwa hoja kwamba umeme una hela. Hoja hiyo si ya kubeza, ila haikuwa yake. Nilichopendekeza ni kwamba, kabla ya fomu za kujiunga kutoka, akae na fundi wa umeme na baadaye na fundi wa kuchomelea vyuma, kama saidia fundi tu, ili achague kitu alichokwisha kukishika mkononi. Akachagua kuchomelea. Ningemshauri kila mzazi afanye hivyo, maana kijana aliyepoteza hamu ya masomo haamini tena maelezo ya watu wazima.

Kwa wasioufahamu mfumo: VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mafunzo yake ya muda mrefu hutunukiwa Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi katika hatua tatu, yaani hatua ya I, ya II na ya III. Baadhi ya fani humpokea hata aliyeishia darasa la saba. Ada katika vyuo vya umma si kubwa; kwa miaka mingi imetajwa kuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachoibana familia ni ovaroli, viatu vya usalama, vifaa na nauli ya kila siku, na hayo yapangiwe bajeti kabla kijana hajaripoti.

Mwanzoni hakupewa mashine ya kuchomelea kama alivyotarajia. Alipewa kipande cha chuma, tupa, na nafasi kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma, akatakiwa akisugue mpaka pande zote zinyooke na kila kona iwe na nyuzi 90 kamili. Mwalimu alikuwa akikiinua chuma kile kwenye mwanga pamoja na kipimo cha pembe. Mwanga ukipenya hata kidogo kati ya chuma na kipimo, kinarudi kwenye jiliwa. Kijana aliyekuwa akikimbia Hisabati akajikuta anagombana na milimita. "Mjomba," aliniambia jioni moja, "huku ukikosea mwenyewe unaona, huna wa kumsingizia." Sijui ni mtihani gani wa darasani uliowahi kumfundisha hivyo.

Si kila kijana atafaa VETA, na si kila wilaya ina chuo chake, ingawa Serikali imekuwa ikivijenga. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, ambavyo sasa ni 54 na ambavyo huwapokea pia mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito. Aliyeacha shule kabla ya kidato cha nne anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fundi aliyejifunzia mtaani naye anaweza kupimwa na VETA ujuzi wake ukatambuliwa kwa cheti bila kuanza upya. Na kwa wadogo zao, mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 una mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, ndani ya sekondari yenyewe, jambo ambalo, kama karakana na walimu watapatikana, lingemfaa sana mpwa wangu.

Swali ambalo wazazi hunitupia ni kama ufundi hufunga mlango wa kusoma zaidi. Haufungi. Mwenye hatua ya III anaweza kuomba kozi za ufundi zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, zinazoanzia ngazi ya 4 na kufikia stashahada katika ngazi ya 6, na kutoka hapo shahada haiko mbali. Vigezo hutofautiana kati ya kozi na kozi, na vyuo vingi hutazama pia ufaulu wa kidato cha nne, kwa hiyo mwongozo wa udahili usomwe mapema, si baada ya kuhitimu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Mpwa wangu sasa yuko hatua ya II na amejisajili kurudia Hisabati, Fizikia na Kiingereza mwezi Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuna aliyemlazimisha. Ada ya mtihani nimemlipia mimi. Ya masomo ya jioni anailipa mwenyewe, kwa fedha za mageti na madirisha anayochomelea siku za Jumamosi.