Fomu 34A ya kituo chetu
Jamani ile usiku ya uchaguzi wa Kenya, Agosti 2022, siwezi sahau, tumepiga kura tarehe 9, jioni tume ya uchaguzi ikaanza kuweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwa mtandao, vituo zaidi ya elfu 46, na yeyote anafungua anajumlisha mwenyewe. Mimi na mjomba tukatafuta ya kituo chetu tukaipata, picha imepinda kidogo, saini za maajenti hapo chini, na namba ni zilezile zilizobandikwa mlangoni pale shule, nilikuwa nimezinakili kwa daftari. Mjomba akanyamaza kabisa, mtu anapiga kura tangu 1992 na matokeo anayasikia kwa redio tu.

Mgombea wetu hakushinda, na iliniuma sana, kesi ya kupinga matokeo nayo Mahakama ya Upeo ikaitupa tarehe 5 Septemba. Ile picha bado iko kwa simu yangu.